Nyonga Imeungwa, Sasa Kazi Iko Nyumbani

Toleo lililopita niligusia tu kidogo habari ya wazee kuteleza wakati wa mvua, na barua zilizokuja sikuzitarajia. Karibu zote zinafanana, mzazi alianguka, nyonga ikavunjika, operesheni ikaenda vizuri, halafu mkaletwa nyumbani na mfuko wa dawa na hakuna mtu alikaa chini na nyinyi akawaeleza. Nimefanya wodi ya mifupa miaka mingi, na mama yangu mzazi naye alipitia hii hii, kwa hivyo leo najibu kama muuguzi na pia kama mtoto wa mgonjwa. Sikuweza kuweka zote, nimechukua zile zinabeba maswali ya wengi.

Habari ya kazi sista. Mama yetu ana miaka 78, aliteleza kwa veranda mvua ikiwa imenyesha, akavunjika nyonga ya kushoto. Walimwekea chuma pale hospitali ya Russia, Kisumu, na wiki iliyopita tukaruhusiwa. Tumepewa sindano za tumbo, Panadol, tramadoli, dawa ya kuongeza damu, kalsiamu, omeprazoli, na bado ako na zake za presha. Jirani anasema sindano tuache kwa vile zinaleta alama nyeusi tumboni, kaka yangu wa Nairobi naye ametuma diklofenaki ati ndio kali. Mama akisimama analia, tumeona heri alale apone kwanza. Tufanye nini? – Binti wa Ahero

Pole sana dada, na mpe mama pole zangu. Nitaanza na lile la mwisho uliloandika kama jambo dogo, hilo la kumwacha alale. Najua mnafanya hivyo kwa mapenzi, hata sisi kwetu tulitaka hivyo, lakini kitanda ndicho adui mkubwa wa mzee aliyevunjika nyonga. Nchi ambazo zimehesabu vizuri zinaona kwamba katika wazee 10 waliovunjika nyonga, 2 au 3 hufariki kabla mwaka kuisha, na mara nyingi si mfupa unaowaua, ni nimonia, ni damu kuganda, ni moyo, ni vidonda vya kulala vinavyooza, ni misuli kuisha mpaka mtu hawezi tena kujiinua. Chuma kiliwekwa ndio asimame. Wagonjwa wengi husimamishwa kesho yake baada ya operesheni, na kwa mifupa mingi daktari huruhusu akanyage kadiri maumivu yanavyomruhusu. Angalia karatasi ya kutoka hospitali imeandikwa nini, kama haijaandikwa piga simu wodini muulize swali moja tu: anaruhusiwa kukanyaga kabisa au kidogo? Wakisema kabisa, basi kuanzia kesho asikule chakula kitandani tena, akalie kiti kigumu chenye mikono, mara tatu kwa siku, na kila akienda kukalia kiti atembee hatua chache na woka, yule wa miguu minne, wewe ukiwa upande wa mguu mgonjwa. Woka kwanza, halafu mguu mgonjwa, halafu ule mzima. Kama kuna ngazi hapo kwa mlango, kupanda anaanza na mguu mzima, kushuka anaanza na ule mgonjwa.

Sasa kulia kwake. Analia juu dawa ya maumivu mnampa akishaumia. Panadol inafanya kazi ikipewa kwa saa, hata kama wakati huo hasikii uchungu. Mtu mzima wa kilo 50 kwenda juu ambaye ini lake halina shida hupewa tembe 2 za miligramu 500 mara 3 au 4 kwa siku, na zisizidi tembe 8 kwa masaa 24. Wazee wetu wengi ni wepesi kuliko mnavyodhani, kwa hivyo mpime, akiwa chini ya kilo 50 uliza daktari apunguze. Halafu tramadoli ndio mnaiweka ile nusu saa au saa moja kabla ya kutembezwa, si kila wakati, na kadiri siku zinavyoenda mnaipunguza mpaka inaisha. Tramadoli inaleta kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na inafunga choo vibaya sana. Mzee ambaye choo kimefunga siku tatu hatakula, hatatembea, na akili inaweza kumruka, kwa hivyo mkianza tramadoli siku hiyo hiyo anzeni maji mengi, papai, mboga, na ikibidi dawa ya maji ya laktulosi.

Hio diklofenaki mrudishie kaka yako na shukrani, mwambie hela hio anunue maziwa na mayai. Diklofenaki, Brufen na jamaa zake hukwaruza tumbo, huchosha figo, hupandisha presha, na zikichanganywa na sindano ya kuzuia damu kuganda mgonjwa anaweza kutokwa na damu ndani mkiwa mmekaa tu hapo. Na hizi za kununua moja moja dukani soma nyuma ya pakiti, nyingi ziko na aspirini au ibuprofeni ndani, na nyingine ziko na parasetamoli, ndiyo hiyo hiyo Panadol, kwa hivyo mnaweza kuwa mnampa mara mbili bila kujua.

Sindano ya tumbo msiache. Hapo narudia. Baada ya nyonga kuvunjika damu inapenda kuganda kwa mishipa ya mguu, na lile donge likikatika linapanda mpaka mapafuni, mtu anakufa akiwa anaongea na nyinyi. Hii hatari haiishi siku ya kutoka wodini, ndio maana dawa hii kwa kawaida huendelea mpaka karibu mwezi mzima tangu operesheni, siku 28 hadi 35. Hospitali zingine hutumia tembe badala ya sindano, ni sawa, bora isiwe zote mbili. Mama yangu alipotoka hospitali moja hapa Magharibi mwa Kenya hawakuandika popote sindano ziishe lini, tukamaliza zile tulizopewa za siku saba tukadhani ndio basi, na mguu ukaanza kuvimba siku ya kumi na mbili. Alipona, lakini tangu hapo kila familia naiambia iulize tarehe ya mwisho na iiandike kwa ukuta. Zile alama nyeusi tumboni ni damu kidogo chini ya ngozi, ni kawaida. Zinapungua mkidunga mbali na kitovu kama vidole vitatu hivi, leo kushoto kesho kulia, mkishika mkunjo wa ngozi mpaka sindano iishe, na mkimaliza msisugue. Kale kapovu ka hewa ndani ya sindano iliyojazwa tayari msikatoe. Sindano zilizotumika weka kwa chupa ngumu ya plastiki urudishe hospitali, usitupe kwa shimo la takataka watoto wakaja kukanyaga.

Dawa ya kuongeza damu na kalsiamu hazipatani, zikikutana tumboni moja inazuia nyingine. Ya damu ampatie mapema na maji au chungwa, na asinywe chai hapo karibu, chai inafungia madini. Kalsiamu ni baada ya chakula cha mchana au cha jioni. Choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya madini ya damu, msiogope, lakini kikiwa cheusi kama lami, cha kunata na harufu mbaya isiyo ya kawaida, na mama anaishiwa nguvu, hio ni damu, hospitali mara moja.

Presha nayo ina mambo yake. Wazee wengi baada ya operesheni presha yao inashuka, wanakula kidogo, damu ilipungua, halafu bado wanapewa zile tembe zote za zamani. Anasimama, kichwa kinazunguka, anaanguka tena. Pima akiwa amekaa, msimamishe, pima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, andika na upeleke kliniki. Usimwachishe dawa kwa akili yako mwenyewe, lakini usinyamaze. Omeprazoli pia uliza ni ya mpaka lini, inalinda tumbo sasa hivi lakini si ya kukunywa miaka na miaka bila sababu.

Na jambo la mwisho kwako dada, mkubwa wa dawa awe mtu mmoja. Daftari moja, kalamu moja, kila ukimpa unaweka alama. Nyumba zenye watoto wanne wanaompenda mama ndizo mama anapewa dawa mara mbili asubuhi na jioni anasahaulika.

Sista, baba yangu miaka 83, Njoro. Operesheni ilikuwa Jumatatu, Jumatano usiku akaanza kuongea na ndugu zake waliokufa, anataka aende kukamua ng'ombe, alivuta mpira wa mkojo mpaka damu ikatoka. Asubuhi ako sawa kidogo, jioni inaanza tena. Watu wa ukoo wanasema kuna mkono wa mtu. Kemisti alitupatia dawa ya usingizi na Piriton. – Kitinda mimba

Kitinda mimba, pole, najua venye inatisha kumwona mzazi aliyekuwa anakujua jana leo anakuita jina la marehemu. Hakuna mkono wa mtu. Hii ni akili kuvurugika kwa ghafla baada ya ugonjwa mkubwa, na kwa wazee wa nyonga tunaiona sana, inakuja ndani ya siku chache za kwanza, inapanda jioni na kushuka asubuhi vile vile umeandika. Ina sababu za mwili na kazi yetu ni kuzitafuta.

Uliza hivi. Anaumia na hasemi? Wazee wetu wanaume hasa hawasemi. Choo kimefunga? Mkojo umejaa na hautoki, au una maambukizi? Ana homa, anakohoa? Anakunywa maji ngapi kwa siku? Sukari, damu, chumvi ya mwilini zilipimwa? Anapewa tramadoli kiasi gani? Na alikuwa mtu wa pombe kila siku kabla ya kuanguka? Hii ya mwisho familia huficha, lakini mzee aliyezoea chang'aa au busaa kila jioni akikatizwa ghafla wodini anaweza kuchanganyikiwa vibaya na hata kupata kifafa, daktari lazima aambiwe.

Halafu hio dawa ya usingizi na Piriton acha kumpa leo na umwambie daktari ulishampa. Najua kemisti alitaka kusaidia. Lakini kwa mzee, Piriton, diazepamu, amitriptilini na hizi nyingine za kulalisha zinazidisha kuvurugika na zinamfanya aanguke. Pahali pengine ziko mafichoni, kwa dawa ya homa na mafua kwa mfano. Ila kama alikuwa anakunywa diazepamu kwa miezi au miaka tangu zamani, hio haikatwi ghafla, inapunguzwa na daktari.

Kinachosaidia ni vitu vya kawaida kabisa. Mvalishe miwani yake. Kama hasikii vizuri ongea karibu na sikio, polepole, kwa Kikuyu chake au lugha aliyolelewa nayo, mtu akivurugika lugha ya utotoni ndio hubaki. Mchana dirisha wazi, akae kwa kiti, usiku taa ndogo na kimya. Mtu mmoja anayemjua akae naye, si kundi la wageni kumi na maombi ya kelele usiku wa manane, ombeni mchana na muombe kwa upole. Usibishane naye kuhusu ng'ombe, mwambie ng'ombe wameshakamuliwa, maziwa yako jikoni, halafu mpe maji. Mpira wa mkojo uliza kila siku kama bado unahitajika, mara nyingi hauhitajiki na ndio unaleta maambukizi. Usikubali afungwe mikono na kamba kitandani.

Wengi hurudi sawa kwa siku au wiki chache, wachache huchukua miezi. Kama kabla ya kuanguka alikuwa ameanza kusahau sahau, mwambie daktari pia, hio ni habari tofauti.

Nyumbani Mbale, Vihiga, choo chetu ni cha shimo cha kuchuchumaa. Kukhu, nyanya yangu, aliwekewa kichwa kipya cha mfupa wa nyonga, wakasema asikunje mguu. Ataenda choo vipi? – Mjukuu

Asichuchumae. Kichwa kipya cha nyonga kinaweza kuteguka goti likipita juu ya nyonga, ndio maana hukatazwa kuinama sana, kukalia kigoda cha jikoni, kukunja miguu moja juu ya nyingine na kupinduka kwa mguu mmoja. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12, daktari wenu ndiye anajua njia aliyopitia wakati wa kupasua kwa hivyo muulize yeye. Nunueni kiti cha choo cha mgonjwa kama mnaweza, kama hamuwezi ita fundi wa mbao wa hapo mtaani, achukue kiti kigumu chenye mikono, atoboe shimo, aweke ndoo chini. Urefu ni huu: akikaa, nyonga iwe juu kidogo kuliko magoti na nyayo zikanyage chini. Plastiki nyepesi zile za sherehe hapana, zinateleza na zinapasuka. Usiku iwe karibu na kitanda, na taa. Wazee wengi huanguka mara ya pili wakikimbilia choo gizani. Na tafadhali msimpunguzie maji ati asisumbue kukojoa.

Sista naomba usiandike jina langu. Mimi ni mjane wa miaka 66, Bondo. Nilivunjika nyonga mwezi wa pili, naendelea vizuri. Niko kwa dawa za ARV miaka mingi, sasa ni ile tembe moja kwa siku, mtoto anayenilinda hajui. Wamenipa kalsiamu na dawa ya damu. Naogopa kuuliza mbele yake. Zinaweza kukunywa pamoja? – Mama

Mama, asante kwa kuniamini, na nimefurahi unaendelea vizuri. Swali lako ni la maana sana kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hufanyika, daktari wa mifupa hajui kuhusu ARV na kliniki ya ARV haijui kuhusu nyonga.

Tembe moja ya siku hizi watu wengi wazima wanapewa iko na dolutegraviri ndani. Kalsiamu na madini ya damu huishika dolutegraviri tumboni, isiingie mwilini vizuri, na ukiendelea hivyo kwa muda virusi vinaweza kupata nafasi. Njia rahisi ni hii: ukimeza ARV yako pamoja na chakula, unaweza kumeza na kalsiamu au dawa ya damu hapo hapo, chakula kinasaidia. Ukimeza ARV tumbo likiwa tupu, basi iwe masaa 2 kabla ya kalsiamu au masaa 6 baada yake. Wengi hupanga kalsiamu na chakula cha mchana, ARV usiku wakienda kulala, na hakuna kinachokutana.

La pili, tembe hizo nyingi pia zina tenofoviri, na tenofoviri inajulikana kupunguza nguvu ya mifupa kiasi na wakati mwingine kusumbua figo. Usiache ARV hata siku moja kwa sababu ya hili. Lakini ukienda kliniki waambie ulivunjika nyonga, watapima figo na kuangalia kama wakubadilishie. Na kwa sababu ya figo hizo hizo, diklofenaki na Brufen kaa mbali nazo.

Kuhusu mtoto, ni siri yako na hakuna anayeweza kukulazimisha. Unaweza kumwomba muuguzi aongee na wewe peke yako, mwambie tu mtoto "naomba uniletee maji", wauguzi wengi wanaelewa haraka. Kama siku moja utaona heri ajue, washauri wa kliniki wanaweza kukusaidia kumwambia. Uamuzi ni wako mama.

Mama alianguka tu kutoka kwa kiti, si hata ajali. Mbona mfupa mkubwa hivyo uvunjike? Na kuna dawa ya kuzuia ule mwingine usivunjike? – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, natamani swali hili lingeulizwa kwa kila kitanda cha wodi ya mifupa, kwa sababu tunaunga mfupa tunampa mtu magongo tunasahau kuuliza. Mfupa mzima hauvunjiki kwa kuanguka kutoka kwa kiti. Ukivunjika hivyo kwa mzee, karibu kila wakati mifupa imeshadhoofika, ndani imekuwa na vitundu kama mkate. Kwa wanawake hii huanza mbio baada ya hedhi kukoma kwa sababu ile homoni iliyokuwa inalinda mifupa imepungua. Wengine ni prednisoloni waliyokunywa miezi mingi kwa sababu ya pumu au viungo, wengine pombe na sigara, wengine kukaa ndani bila jua. Na aliyevunjika mara moja ana hatari kubwa ya kuvunjika tena, upande wa pili au uti wa mgongo.

Dawa ziko. Ya kawaida ni alendroneti, tembe ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, na namna ya kuimeza ni nusu ya matibabu. Asubuhi kabla ya kula kitu chochote, na glasi nzima ya maji matupu, si chai, si maziwa, halafu akae wima au asimame dakika 30 bila kulala na bila kula. Akilala nayo inachoma umio. Kwa hivyo mzee asiyeweza kukaa wima nusu saa, au anayesakamwa na chakula, hii si yake. Chagua siku moja isiyosahaulika, kwetu ilikuwa Jumapili kabla ya kanisa.

Nyingine ni dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Hii ina ushahidi mzuri kwa watu wa nyonga hasa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 2,127 waliopewa dripu hio au dripu isiyo na dawa ndani ya siku 90 baada ya operesheni ya nyonga, wote wakipewa pia kalsiamu na vitamini D. Kwa waliopata dawa, waliovunjika tena walikuwa wachache, 8.6% dhidi ya 13.9%, na waliofariki walikuwa 9.6% dhidi ya 13.3%. Mimi nikisoma hizo namba naona sura za akina mama wengi tuliowaruhusu na kalsiamu peke yake. Haitolewi siku zile za kwanza kabisa, husubiriwa kama wiki mbili, figo zinapimwa kwanza, vitamini D inarekebishwa, na siku mbili tatu baada yake mtu anaweza kuhisi kama ana malaria, mwili unauma na joto kidogo, Panadol inatosha lakini homa ikiendelea apimwe malaria yenyewe, tuko Magharibi. Kama kuna jino bovu la kung'olewa ling'olewe kabla.

Iko pia sindano ya denosumabu ya kila miezi 6. Nzuri, lakini ukiianza usiiache katikati bila mpango wa daktari, ukiacha mifupa ya mgongo inaweza kuvunjika kwa kishindo. Kama hela ya miezi sita ijayo haijulikani itatoka wapi, sema hivyo mapema uchaguliwe nyingine.

Chakula kisidharauliwe. Misuli inataka protini, yai, samaki, ndengu, maharagwe, mala, kila mlo si Jumapili tu. Omena ukila na mifupa yake ni kalsiamu ya bei ya chini, uji wa wimbi pia unaushinda wa mahindi kwa mbali. Mrenda na sukuma ni sawa, ila kama mama yuko kwa warfarini ya moyo ale kiasi kile kile kila wiki, asikule sana leo na kuacha kesho, mboga za kijani zinabadilisha nguvu ya warfarini.

Tumepata mzee wa kuchua mifupa huku Nyalenda, anasema vyuma vimefungia damu, akichua mguu uvimbe utatoka. Mguu wa mama umevimba upande wa operesheni. Tumlete? – Wana wa Mama

Hapana, na tafadhali soma hii mkiwa mmesimama. Mguu wa operesheni huvimba kidogo jioni na hushuka ukiuinua juu ya mto, hio sawa. Lakini kama kigimbi kimevimba kuliko mwenzake, kina joto, kinauma ukikishika, hio inaweza kuwa damu imeganda, na kuchua ndiko kutaisukuma mapafuni. Mpeleke akapigwe picha ya mishipa leo. Akianza kuhema, kifua kumchoma au kukohoa damu, chukua gari si boda, mfikishe hospitali iliyo karibu bila kupitia kwa kemisti.

Vile vile msingoje kliniki ya wiki ijayo kama kidonda kinatoa usaha au maji yasiyokauka, kama ana homa, au kama maumivu yamekuja ghafla na mguu umekuwa mfupi na kidole gumba kimegeukia nje. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na 14, kabla ya hapo kidonda kikae kikavu, hakipakwi mafuta, hakipakwi majani. Na huyo mzee wa kuchua mwambieni kwa heshima asubiri, mkishajua mguu uko na nini ndio mtaamua.